Kuhusu Bembelezi la Nyumbani Kwangu Kupigiwa Gitaa Mbele ya Watu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumatano, 14 Julai 1937.

Kwa Bwana Kasmir, Mwalimu Mkuu,
Shule ya Watoto, hapa hapa Kariakoo.

Bwana Mwalimu Mkuu,

Naanza na salamu, maana hasira haimwondolei mtu adabu aliyolelewa nayo. Natumai u mzima na shule yako nzima. Mimi mwili hauna neno. Nala, naswali, nafungua duka. Lakini nyumbani kwangu hakuna mtu. Leo siku ya kumi na moja wa nyumbani kwangu, yaani mama watoto, yuko kwa baba yake Ilala, pamoja na binti yetu Hind na mtoto wetu mchanga, na aliyewapeleka huko ni gitaa la shule yako.

Mimi ni Muhiddin bin Ghanim, mwenye duka la tende, samli na kahawa, mlango wa tatu ukitoka sokoni. Unanijua. Umekaa barazani kwangu mara nyingi ukinywa kahawa, na hujapata kunisikia nikimlaumu mtu, hata yule jirani anayemwaga maji machafu mlangoni kwangu kila asubuhi, ambaye kwa leo simtaji. Basi ukiona mtu kama mimi ameshika kalamu, ujue maji yamefika shingoni. Nataka Darasa la Muziki la Watoto Wadogo lifungwe, na Mwalimu Euphrasia anayelifundisha apewe kazi nyingine isiyo na sauti, kwa mfano hesabu. Sababu zangu nimezipa namba, usije ukasema muuza tende anapiga kelele tu.

1. Masanduku. Mwezi wa Aprili Mwalimu Euphrasia alikuja dukani na watoto wawili wameshika gauni lake, akaniomba masanduku matupu ya tende. Alisema ni kwa ajili ya watoto. Mimi nikadhani viti. Mtu akikuomba kwa upole ule huulizi mengi, nikampa masanduku kumi na moja, yote mazima, na misumari yake. Kumbe yakapelekwa Ilala kwa fundi Seifu, akayapasua, akayageuza magitaa madogo ya nyuzi tatu tatu, na nyuzi zenyewe ni mishipi ya kuvulia samaki iliyonunuliwa Feri. Juu ya tumbo la kila gitaa muhuri wangu umebaki vile vile: TENDE BORA ZA MUHIDDIN. Nilipoona mara ya kwanza nilifurahi, sikufichi. Niliwaambia watu barazani kwamba shule inanitangazia biashara bure. Nilikuwa nakata mwenyewe fimbo ya kunichapia.

2. Namna ya kufundisha. Katika shule nyingine mtoto hupewa wimbo wa ndege au wa mvua, akauimba, akaenda zake nyumbani, na hakuna aliyedhurika. Mwalimu Euphrasia hataki. Yeye, aliyejifunza gitaa kwa jirani yake, Mhindi wa Goa, anasema mtoto wa miaka mitano hawezi kujifunza vidole na maneno kwa pamoja, kwa hiyo aanze na wimbo anaoujua tayari, ule alionyonya nao. Akawaagiza watoto wote: kila mmoja alete wimbo wa kwao. Bwana Mkuu, ulifikiri nini ulipokubali jambo hili? Wimbo wa kwao! Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe umeziita kata zote ishirini na mbili za mtaa huu zije kusema darasani.

Ulionywa, hata hivyo. Mtoto wa mnadi wa samaki wa Feri alileta mnada wa baba yake, hilo halikuwa na neno, ila kwa wiki nzima watoto walikuwa wakinadi pweza asiyekuwepo. Lakini mtoto mwingine akaleta wimbo ambao ngoma ya beni ya mjomba wake walikuwa wameuficha kwa miezi miwili, wanauweka wa kuwatolea watani wao siku ya Idi, na matarumbeta yenyewe wanayafanyia mazoezi ndani, milango imefungwa. Ulipigwa gitaa darasani asubuhi. Alasiri ya siku hiyo watani walikuwa wameshautungia jibu, na jibu lilikuwa zuri kuliko wimbo. Wanaume wazima walishikana makanzu pale mtaani Gerezani. Hapo palikuwa pa kulifunga darasa. Hukulifunga. Kesho yake binti yangu Hind, mwenye umri wa miaka sita na pengo la jino la mbele, akanyoosha mkono akasema na yeye anao wimbo wa kwao.

3. Wimbo wenyewe. Sasa nisikilize kwa makini, maana wewe ni mtu wa bara na labda kwenu mambo ni mengine. Kwetu mwanamke hasimami mbele ya mumewe akamwambia umenikosea. Humpakata mtoto, akambembeleza, na humo ndani ya kubembeleza humweleza mtoto yote: habari za mawifi, habari za kanga iliyoahidiwa ikasahauliwa, habari za mume. Mtoto hana habari, anatafuta usingizi. Mume amejilaza upande wa pili wa pazia baada ya chakula cha mchana, na kila neno linamfikia. Lakini hasikii. Ndiyo sheria yake, bembelezi mume halisikii. Hukohoa kidogo, yakaishia hapo, na akiwa mwerevu kesho yake hurudi na kitu mkononi. Hakuna aliyesema, hakuna aliyejibu, na ndoa zimedumu hivyo tangu kwa babu zetu. Mimi nimeoa miaka minane na nimekohoa miaka minane. Nilidhani nakohoa vizuri.

Bembelezi ni hili. Naliandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana hakuna tena la kuficha:

Lala mwanangu ulale, baba yako yu dukani,
Kwa wateja ana ndimi, kwetu bubu wa nyumbani;
Maneno huwapa watu, kwetu miguno kinywani,
Nami ningekuwa tende, angenisifu sokoni.

Utaona halikutaja mtu. Limefumbwa vizuri, hilo simnyimi mtunzi. Kariakoo hii wauza tende tuko sita.

4. Siku ya maonyesho. Ulitualika mwenyewe, Jumamosi ya tarehe 3. Wanaume tulikaa mkeka wa kulia, wanawake wa kushoto, na watoto mbele na magitaa yao kumi na moja, wawili wawili kwa gitaa moja, huyu anabonyeza, huyu anakung'uta. Mwalimu Euphrasia akainua mkono. Niseme kweli ingawa inaniharibia kesi: walianza pamoja. Watoto ishirini na wawili, wengine bado wanafungwa vifungo na mama zao, wakaanza pamoja na kusimama pamoja, jambo ambalo sisi wazee wa mtaa hatujaliweza hata kwenye kuitikia maulidi. Mstari wa kwanza watu wakatabasamu. Wa pili wanawake wakaanza kugusana viwiko. Wa tatu nikahisi jasho mgongoni. Wa nne, ule wa tende, nikasimama.

Lalamiko langu hapa ni kwamba shule haikuniandaa. Mtu hukaa nyumbani kwake miaka minane amejizoeza kutosikia, halafu ghafla anasikilizishwa mbele ya watu mia mbili, na gitaa juu yake! Nilisimama, Bwana Mkuu, na kwa sauti ile ninayouzia nikasema si kweli, mwanamke huyu anasifiwa, na kwamba siku ya Maulidi iliyopita nilisema mbele ya wageni kwamba mchuzi una chumvi ya kutosha.

Watu mia mbili wakanigeukia. Halafu wakacheka mpaka mzee mmoja akaangusha meno ya kubandika.

Mpaka dakika ile, ukimtoa mwalimu na watoto, hakuna aliyejua bembelezi ni la nyumba gani. Wauza tende wengine watano walikuwepo, na wote watano walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao. Wangeweza kuwa wao! Hata leo naapa wawili kati yao ni wao. Lakini wao walikaa kitako. Tupa jiwe gizani, atakayelia ndiye limempata, na mimi nililia kwa sauti ya sokoni. Mume kulijibu bembelezi! Baba yangu, Mungu amrehemu, angenikana hadharani.

Upande wa wanawake, wa nyumbani kwangu alishusha buibui usoni, akamwinua mtoto, akamshika Hind mkono, akatoka. Nilikuwa bado nimesimama, watu wanacheka, na nikamwona akipita mlangoni bila kugeuka.

5. Binti yangu amepata sauti. Hili nilitaka liwe la kwanza, nikaona utaniona sina shukrani. Hind alikuwa mtoto wa kujificha. Mgeni akija anaingia nyuma ya makanda ya tende, humwoni mpaka mgeni aondoke. Mama yake alikuwa akimwombea dua. Tangu aingie darasa hili anaimba akifagia, anapiga madebe ya samli kwa vijiko, anawauliza wateja kwao wanaimba nini. Amesimama mbele ya watu mia mbili bila kutetemeka, na mimi baba yake ndiye ninayetafuta kanda la kujificha nyuma yake. Hamkuniuliza kama nataka.

6. Sokoni hapakaliki. Mteja akija siku hizi haulizi tende, anataka kwanza nimsifu mkewe. Wachukuzi wanaopakua mizigo wameufanya mstari wa nne kuwa wa kupandia ngazi. Juzi nilikwenda Feri kununua nguru, na mkaanga samaki mmoja, mwanamke mnene ambaye sijapata kumwona maishani, alimwinua samaki changu kwa mkia, akamsifu macho, akamsifu mapezi, kisha akaniuliza kama nimejifunza. Beni, wale wale walioibiwa wimbo, wameliingiza bembelezi kwenye matarumbeta na wanapita nalo mbele ya duka langu taratibu, wakifika mlangoni wanapiga hatua pale pale bila kusonga. Na muuza tende mwenzangu mmoja, mmoja wa wale wawili, ametundika kibao mlangoni: HAPA TENDE HUSIFIWA, NA WAKE PIA. Wanawake wa mtaa mzima wamehamia kwake. Mkewe nimemwona, naye anacheka kama wengine, lakini anacheka amesimama karibu na mumewe.

7. Ilala. Hili ndilo linaloniumiza, hayo mengine ni kelele.

Nimekwenda Ilala mara tatu. Mara ya kwanza nilikaa barazani na mkwe wangu, Mzee Mbaruk, tukazungumza juu ya mvua. Mara ya pili tukazungumza juu ya mvua, ingawa ni Julai na hainyeshi. Mara ya tatu nilipanga maneno njiani, yote, tangu navuka Msimbazi, nikayarudia mpaka mwenye riksho akawa anageuka kunitazama. Nilipofika mama Hind alikuja mwenyewe na sinia la kahawa. Akanisalimu, akasimama mbele yangu, akangoja. Nilimwona kabisa kwamba ananingoja. Nikamwambia kahawa imezidi tangawizi.

Akaingia ndani.

Kesho yake shangazi yake, Bi Zamda, alikuja dukani, akakataa kukaa, akakataa kahawa, akasema alichotumwa. Mama Hind hana ugomvi na wimbo kuimbwa, wala na watu kucheka. Kucheka kwa watu kunapita. Lake ni moja tu. Mume aliyepata maneno mengi namna ile mbele ya watu mia mbili kwa ajili ya kujitetea, imekuwaje miaka minane hajapata hata moja la kumpa yeye? Nikilipata nije nalo, watarudi siku hiyo hiyo. Nisipolipata nisimchoshe mwenye riksho. Baada ya hapo Bi Zamda akasema la kwake mwenyewe ambalo sikuandikii, maana wewe ni Mwalimu Mkuu.

Nimeumia, Bwana Kasmir. Mimi naweza kuisifu tende ya Basra mpaka mtu aliyeshiba akanunua. Naweza kumwambia mteja habari za samli akatokwa na machozi. Nikifika mlangoni kwangu ulimi unalala. Si kwamba moyoni hayamo. Mama Hind ni mtu mwema kuliko nilivyostahili, na hilo nalijua tangu wiki ya kwanza ya harusi, nikadhani kwa kuwa nalijua, na yeye atakuwa analijua. Sasa mchana baada ya chakula najilaza pale pale kwenye pazia, na upande wa pili hakuna anayenilalamikia. Sikujua kimya kinaweza kuzuia usingizi.

8. Hatari kwa nchi. Usije ukadhani natetea nyumba yangu peke yake. Fikiri vizuri. Leo ni bembelezi la muuza tende. Kesho mtoto wa askari ataleta anayoimba mama yake juu ya sajini. Keshokutwa mtoto wa karani ataleta anayoyasema baba yake juu ya Bwana Shauri wa Serikali, na yatapigwa gitaa kwa nyuzi tatu, kila neno likasikika. Kutoka hapo ni hatua moja tu hadi Uzunguni, kwa sababu mayaya wanaolea watoto wa huko wanatoka mitaa yetu hii, nao wana masikio. Nani amekuambia mabibi wa Uzunguni hawana pazia na hawana watoto wa kubembeleza? Siku moja kwenye sherehe ya Serikali, mbele ya bendera na mabwana wote wa kofia za manyoya, watoto watainua magitaa, na waume wote wa himaya, kuanzia hapa mpaka Ulaya, watasimama kwa pamoja kusema si kweli. Utawala gani utadumu baada ya hapo? Na yote yatakuwa yameanzia Kariakoo, kwenye masanduku yaliyoandikwa jina langu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani nimezidisha.

Darasa lifungwe mara moja. Magitaa yarudishwe kuwa masanduku ya tende, ubao kwa ubao. Fundi Seifu anasema haiwezekani. Aambiwe ajaribu, ndiyo maana anaitwa fundi. Watoto wote ishirini na wawili waondolewe wimbo vichwani kwa kuimbishwa jedwali la kuzidisha mpaka lichukue nafasi yake. Apitishwe mpiga mbiu kutoka Gerezani hadi Ilala atangaze kwamba lile bembelezi limefutwa, na aliyekutwa akilimung'unya alimeze. Kuanzia sasa wimbo wowote wa nyumbani usiingie shuleni mpaka ukaguliwe na baraza la waume watatu, na ikiwezekana wawe viziwi. Mwisho, gitaa liwekewe kibali kama bunduki, asipewe mtu aliye chini ya miaka arobaini, wala mtu yeyote mwenye mama.

Sina zaidi, ila nina hasira zaidi. Nakuombea afya na busara, hasa hii ya pili. Wape salamu walimu wote, na bawabu, na wale watoto ishirini na wawili mmoja mmoja, maana kosa si lao. Mwalimu Euphrasia naye msalimie. Mwambie sina ubaya naye, nina ubaya na sikio lake. Mkeo pia umpe salamu zangu, na kama hapo nyumbani kuna mtoto mchanga, kaa ukijua.

Ni mimi niliyechekwa,

Muhiddin bin Ghanim,
Tende, Samli na Kahawa.

Nyongeza, Alhamisi adhuhuri.

Barua hii sikuituma jana. Nilisema niilete leo mwenyewe, nione uso wako unavyobadilika ukiisoma, nikaambiwa umeitwa ofisini mjini. Nikapita dirishani kwa lile darasa, nia yangu ikiwa ni kuwatolea macho tu. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Hind aliponiona hakujificha wala hakukimbia. Alisogea kando kidogo, akapapasa mkeka pale palipobaki nafasi.

Mwalimu Euphrasia hakuniuliza nimefuata nini. Alisema darasa hili lina sharti moja kwa kila anayeingia, kubwa na dogo: aje na wimbo wa kwao. Nikamwambia kwetu kwa sasa hakuna wimbo, pako kimya siku kumi na mbili. Akasema basi nianze na ninaotaka uwepo, na akanipa gitaa. Nilikaa, magoti yakalia, watoto wakacheka, na kicheko chao hakikuniuma. Nimekaa na mtoto wa mnadi wa Feri. Yeye anabonyeza, mimi nakung'uta, kwa sababu vidole vyangu ni vinene na vinashika nyuzi zote tatu kwa pamoja. Amenionya mara mbili kwamba naharakisha.

Tumetunga ubeti mmoja. Mistari yangu ya kwanza ilikuwa mibovu, Hind alisema inafanana na bei. Sasa imenyooka.

Kwa hiyo yale maombi ya juu yafute yote, namba na sababu zake, isipokuwa la jirani wa maji machafu, ambalo nitakuja kulizungumza siku nyingine. Badala yake naomba haya. Darasa lisifungwe, na ukilifunga kabla ya kesho jioni nitakaa mlangoni kwako na gitaa. Masanduku mengine kumi na moja nimekwisha kuyapeleka kwa Seifu, maana si haki watoto wawili kugawana gitaa moja. Na kesho Ijumaa, baada ya sala, nipe ruhusa ya watoto wote ishirini na wawili na mwalimu wao, niende nao Ilala mpaka mbele ya baraza la Mzee Mbaruk. Nitawarudisha kila mmoja kwa mama yake kabla ya magharibi.

Wataimba mistari mitatu. Wa nne nimewaambia wanyamaze, na magitaa yanyamaze, kwa sababu huo nitausema mwenyewe, nimesimama, mbele ya mkwe wangu na Bi Zamda na mtaa mzima wa Ilala. Nimeujaribu leo mara saba dukani, duka likiwa wazi na watu wanasikia. Hauna tende ndani yake wala chumvi. Unaanza kwa kumwita mama Hind kwa jina lake, Amna, na maneno yanayofuata ni yake, wewe usiyangoje kwenye barua.